Kiti ya Namba Nane

Kama Mzee Johana angetamka "d" kama watu wengine, Nelvine angebaki mahali alikuwa. Mimi naona hivyo, na hakuna mtu nimewahi kuambia.

Si makosa yake. Mzee Johana ni Mkipsigis kama sisi, na kwetu d hutoka t, b hutoka p, na hakuna mtu hushangaa. Hata kanisani tunasema "Pwana asifiwe" na Bwana anasikia tu. Yeye ndiye alikuwa msimamizi wa michezo kwa ile estate ya chai hapo nje ya Kericho, na mwaka huo ndio waliletewa mashindano ya basketboli ya vyuo, upande wa wasichana. Timu zilikuwa nane. Uwanja ulikuwa wa simiti, chini ya factory, na chai imeuzunguka pande zote mpaka mpira ukitoka unatafutwa kwa majani.

Dada yangu Caren alikuwa kapteni wa chuo chao cha ualimu, huko upande wa Ndanai. Mimi shule ilikuwa imefungwa, na Caren akanitafutia kazi ya kugeuza kadi za score mezani.

"Ni kazi ya mtu hapendi kuongea," akaniambia. "Unageuza tu. Hakuna mtu atakuuliza kitu."

Mimi huwa siongei. Mwalimu akiniuliza swali nasikia sauti yangu imerudi tumboni. Tangu tukiwa wadogo Caren ndiye huniongelea, hata dukani, hata kwa daktari. "Chepkemoi anaumwa hapa," anasema, na anagusa tumbo yake mwenyewe.

Lakini tangu mwezi wa sita Caren mwenyewe alikuwa amenyamaza. Rafiki yake Nelvine alikuwa amekufa. Hao walicheza pamoja tangu primary, mpaka Caren alikuwa anarusha mpira upande wa kushoto bila kuangalia, anajua tu Nelvine yuko hapo. Nelvine alivaa jezi nane. Halafu ile malaria ikapanda huku kwetu milimani, ikamshika Jumapili, na hiyo wiki haikuisha. Tulimzika kwao, kando ya mahindi, mvua ikinyesha. Caren hakulia. Alichukua jembe kwa wanaume akarudisha udongo pamoja na wao, na hakuna mtu alithubutu kumnyang'anya.

Sasa hiyo Alhamisi tulipofika, Mzee Johana alikuwa amesimama kando ya ubao na koti yake ya mvua.

"Karipuni, karipuni," akasema. "Mwalimu, nyinyi ni seet eit."

Mwalimu ni Phelix Ogada, kochi wao. Huyo ni Mjaluo, mtu wa lake, anafundisha Kiswahili, na basketboli alipewa sababu ni mrefu. Alikuwa anasema mwenyewe, "Principal aliniangalia kutoka viatu mpaka kichwa, akasema basi, kochi amepatikana." Mambo ya mashindano hakuwa anajua hata moja.

"Seat eight?" akauliza.

"Ee. Seet eit. Imeantikwa hapo."

Kwa ubao kulikuwa na jina la chuo chao kwa chaki, na kando yake S8.

"Sawa, mzee wangu." Mwalimu Ogada akageukia wasichana. "Haya, nyithindo, watoto wangu, tumepewa kiti namba nane. Kitafuteni."

Hakuna mtu alicheka, sababu ilikuwa inaingia akilini. Viti vilikuwa vya kanisa, na hilo kanisa huandika namba nyuma ya kila kiti kwa rangi nyeupe, maana vikiazimwa matanga huwa havirudi vyote. Hivi pia vilikuwa vimetoka matanga juzi. Miguu ilikuwa bado na udongo.

Namba nane ilipatikana mwisho wa mstari, mguu mmoja mfupi.

"Kiti moja na sisi tuko saba?" msichana mmoja akasema. "Tutapakatana?"

"Labda ni ya kapteni," Mwalimu akasema.

Caren alikiangalia sana. Halafu akafungua begi yake, akatoa jezi ya Nelvine. Mama ya Nelvine alikuwa ameifua akampatia baada ya mazishi. Akaivalisha kiti kama unavyovalisha mtoto, akavuta chini vizuri, mpaka nane ya jezi ikalala juu ya nane ya kanisa.

"Hatuko saba," akasema. "Tuko nane."

Mwalimu Ogada alikohoa. "Haya. Ni heshima. Iwache hapo."

Mchezo wa kwanza walikuwa na chuo cha mjini, wale waliandikwa S1. Wasichana wao walikuwa na viatu za namna moja na walikuwa wanatafuna chingamu wote pamoja.

"Hawa ndio S8?" mmoja akauliza. "Maskini. Mtarudi kwenu kama chai haijapoa."

Na kweli mwanzo kina Caren walifungwa vibaya. Mimi kadi za S1 zilikuwa zinanichosha mkono. Kisha ukungu ukateremka kutoka kwa chai. Kericho ukungu si kitu, lakini huo uliingia uwanjani ukakaa, na harufu ya factory ikakatika. Badala yake nikasikia harufu ya shamba limelimwa.

Caren akarusha mpira kushoto bila kuangalia.

Kushoto hakukuwa na mtu. Niliona kwa macho yangu, ni simiti tu na ukungu. Nikajiambia huo umepotea. Lakini mpira ulirudi. Haukudunda popote. Ulirudi mkononi mwa Caren umenyooka, vile mtu hukurudishia, na Caren akafunga. Akarusha tena kushoto, ukarudi, akafunga tena. Watu wa estate walikuwa wanapiga mabati. Wale wa chingamu waliacha kutafuna.

Refa alikuwa Makori, Mkisii mmoja mcheshi. Akapuliza filimbi, akakuja mezani ananionyesha vidole.

"Nane. Amesukuma."

Nikaangalia uwanja. Hakuna mchezaji alikuwa amevaa nane. Nikamwonyesha Makori uwanja kwa kidole.

"Msichana, nimesema nane..." Akageuka kuonyesha, mkono ukabaki juu. Akapangusa macho na kola. "Wacha. Wacha hiyo. Ni hii ukungu."

Walishinda. Mwalimu Ogada aliruka mpaka kofia ikaanguka. Mimi nilienda kumpatia Caren sweta yake, nikamkuta kwa kile kiti, anakamua jezi ya Nelvine. Mvua ilikuwa haijanyesha. Zile viti zingine zilikuwa kavu. Lakini jezi ilikuwa imelowa kama ya mtu amekimbia, na maji ilitoka nyekundu, rangi ya udongo.

"Amechoka," Caren akasema, na akacheka.

Tangu mwezi wa sita sikuwa nimesikia Caren akicheka. Hiyo ndiyo ilinifanya ninyamaze siku ya kwanza. Niliogopa, lakini dada yangu alikuwa anacheka.

Ijumaa walishinda tena. Hiyo mechi kochi wa wale wengine aliingia uwanjani anapiga kelele, "Refa! Hesabu! Hawa wako sita!" Makori akasimamisha mchezo, akahesabu kwa kugusa vichwa, mmoja mmoja. Watano. Akahesabu tena. Watano. Yule kochi alirudi nyuma anaangalia tu chini, na timu yake haikucheza tena vizuri, walikuwa wanakwepa upande wa kushoto wote.

Mchana Makori alikuja kwa ubao kuandika nani amebaki, na mimi nilikuwa hapo na kikombe ya chai. Aliniona naangalia.

"Unashangaa?" akasema. "Hata mimi. Tangu haya mashindano yaanze, fainali ni moja na mbili. Kila mwaka. Sababu ndio hiyo ya ku-seed. Unajua seed?"

Nikatikisa kichwa.

"Hata hawakufundishi? Angalia. Yule mwenye nguvu zaidi unampanda huku juu. Wa pili unampanda chini kabisa, mbali, ndio wasimalizane mapema. Halafu yule dhaifu kuliko wote, nane, unampelekea huyu wa kwanza siku ya kwanza. Nane anapandwa hapo ndio aliwe. Hiyo S ni seed. Mbegu."

Nilisikia chai imekuwa chungu mdomoni. S haikuwa kiti. Mzee Johana hakuwa amewapatia kiti yoyote. Alisema mbegu, na sisi tukasikia kiti, na tukamkalisha mtu.

"Kwa hivyo seed ndiyo hushinda mchezo?" Sijui hiyo sauti ilitoka wapi, ilikuwa ndogo.

"Aa, seed haifungi bao. Seed inachagua tu utakutana na nani, na lini. Lakini mtu akishaambiwa yeye ni nane, anatembea kama nane. Hawa wa kwenu ndio sijui ni nani amewaambia kitu ingine."

Jioni nilimtafuta Caren. Timu ililala kwa darasa la nursery ya estate, kwa magodoro. Yeye alikuwa nje, amebeba kile kiti mpaka hapo mlangoni, amekaa chini kando yake. Alikuwa anaongea polepole, ananyamaza kidogo, anaongea tena. Nilipomgusa alikuwa moto, na meno yalikuwa yanagongana.

"Caren, wewe ni mgonjwa."

"Ni baridi."

"Caren. Ile S si seat. Ni seed. Mbegu. Mzee Johana ndiye hakutamka vizuri. Hiki kiti si yenu."

Niliongea yote hiyo mara moja. Nilifikiri atashtuka. Lakini aliniangalia kwa huruma, vile watu huniangalia.

"Nelvine alishaniambia," akasema. "Sisi ndio tulisikia vibaya. Yeye alisikia vizuri, sababu yeye ndiye yuko kwa udongo. Umewahi kuona mbegu inapandwa ndio ikae huko chini?"

Nilimfunika mabega na sweta yangu.

"Tulikuwa tumeahidiana hii fainali. Kesho tukishinda tumemaliza. Yeye atasimama, mimi nikae."

"Ukae wapi?"

Akaweka mkono juu ya kiti, akakipapasa kidogo. "Hapa. Ni zamu yangu. Yeye amekaa baridi tangu mwezi wa sita."

Nilimwambia Mwalimu Ogada. Nilijaribu. Nilisimama mbele yake nikasema Caren ni mgonjwa, na ile ingine ikakataa kutoka.

"Fainali, nyathina, mtoto wangu, kila mtu ni mgonjwa," akasema. "Hata mimi. Kesho tukimaliza nitampeleka dispensary mimi mwenyewe, na kombe mkononi."

Tukimaliza. Kila mtu alikuwa anasema tukimaliza.

Kwa hivyo Jumamosi mimi ndiye mtu peke yake hapo uwanjani kutoka kwetu aliyekuwa anaomba kina Caren wapigwe. Walikuwa wanacheza na S2, wasichana wakubwa wa upande wa Chepilat. Niliomba seed ifanye kazi yake. Niliomba nane awe nane. Nilikuwa nageuza kadi za dada yangu, na kila kadi yake nilikuwa naona ni kama udongo unamwagwa kaburini.

Walienda sawasawa. Chepilat wakifunga, kina Caren wanafunga. Ukungu ulikuwa umekuja mapema, na watu wa estate hawakuwa wanapiga mabati tena. Wamama walikuwa wamevuta watoto nyuma. Sidhani waliona kitu. Ni vile mtu husikia mahali si pazuri.

Caren alikuwa anakimbia macho imefungwa nusu. Jasho ilikuwa imemmaliza. Kila mara akipita mbele ya viti vyao alikuwa anaangalia kile cha mwisho, na mimi pia niliangalia, na hapo ndipo niliona. Jezi haikuwa imelala tena. Ilikuwa imejaa. Mabega yalikuwa yamesimama, na kifua ilikuwa inapanda na kushuka, polepole, kama ya mtu amepumzika anangoja kuitwa.

Makori akaonyesha dakika ya mwisho. Kina Caren walikuwa mbele kwa pointi moja tu. Mpira ulikuwa wao. Ilibaki tu kuushika.

"Shika hiyo mpira, Caren!" Mwalimu Ogada alikuwa anapiga kelele. "Shika tu! Tumemaliza!"

Kwa kile kiti, jezi iliinama mbele. Vile mtu huinama akitaka kusimama.

Sikufikiria. Niliweka kadi chini, nikatoka mezani. Kufika kwa viti vyao lazima upite mbele ya watu wote, kando ya ile laini nyeupe, na mimi hata kanisani huwa naingilia mlango wa nyuma.

"Wewe! Score!" mtu akaita. "Huyo msichana anaenda wapi?"

"Amebanwa!" mwingine akasema, na wengine wakacheka, na hata hivyo sikusimama.

Nilifika kwa kiti ya namba nane nikaikalia.

Haikuwa kukalia mbao. Ilikuwa kama kukaa kwa shimo limechimbwa asubuhi. Baridi ilipanda kwa mgongo mpaka kwa meno, na ile harufu ya udongo ikanijaa puani. Jezi ilikuwa nyuma yangu, imelowa, na ilikuwa na mifupa. Halafu karibu na sikio langu mtu akasema, polepole, bila hasira, vile Nelvine alikuwa anasema akikuja kwetu na kumepikwa na benchi imejaa:

"Sogea."

Nilishika kiti na mikono mbili.

Uwanjani Caren alizungukwa na wawili. Akafanya vile amefanya tangu wakiwa watoto. Akarusha mpira kushoto, bila kuangalia.

Mpira ulipita hapo hewani mahali Nelvine alipaswa kuwa, ukapita laini, ukaenda ukaingia kwa chai. Tulisikia majani yakichakacha.

Caren alisimama na mikono imenyooka. Bado alikuwa anangoja urudi. Chepilat waliurudisha uwanjani haraka, msichana mmoja akakimbia nao peke yake, akafunga, na Makori akapuliza filimbi ya mwisho.

Caren aliniona hapo kwa kiti. Alifungua mdomo, halafu akaanguka hapo kwa simiti.

Mwalimu Ogada alimbeba kwa mgongo mpaka dispensary ya estate, miguu mirefu hiyo, hakupumzika hata mara moja. Walisema ni malaria, ile ile, na kama angekaa mpaka jioni wangekuwa wanaongea maneno ingine. Wakamwekea maji. Mzee Johana alikuja na chupa ya uji, akasimama mlangoni amevua kofia.

"Pole sana, lakwet, mtoto wangu," akaniambia. "Hata kufika hapo ni kupwa. Na kwa seet eit!"

Nilimwangalia. Nilitaka kumwambia. Nikashika chupa tu.

Makori naye alipitia kusalimia. "Unaona sasa," akasema. "Watu walikuwa wanasema mwaka huu seed imedanganya. Na kombe limeenda kwa nani? Namba mbili. Ubao ulikuwa unajua."

Caren alifungua macho kesho yake asubuhi. Aliangalia maji ya dripu ikidondoka kwa mrija, halafu akaniangalia mimi.

"Ulikaa kwa kiti ya mtu," akasema.

"Ee."

"Alikuambia nini?"

"Nisogee."

Nje wachumaji walikuwa wanapita na vikapu, wanaongea.

"Ukasogea?"

"Kidogo," nikasema. "Filimbi ilikuwa imelia."

Caren aligeuza uso kwa ukuta. Nilifikiri amekasirika, lakini mabega yalikuwa yanaruka, na ndipo nilijua analia. Alilia mpaka nurse akakuja. Alimlilia Nelvine vile alipaswa kulia mwezi wa sita, kwa sauti, na jina lake. Mimi nilishika mguu wake kwa blanketi. Ulikuwa na joto, joto ya mtu.

Sasa amepona. Anakula, anagombana na mama juu ya ng'ombe, na dukani ameanza kuniambia niongee mwenyewe. Nelvine hamtaji sana, na akimtaja anasema "marehemu", vile watu wote husema. Jezi alimrudishia mama yake. Kile kiti kilirudi kanisani, na nasikia bado kinaazimwa.

Mimi ni vile tu siku hizi nikikaa mahali, kwa dawati, kwa benchi ya kanisa, hata hapa mezani saa hii wote wamelala, sikalii katikati. Nakaa upande mmoja wa kiti. Mama huniuliza kama nimepata jipu. Namwambia hapana, niko sawa tu. Upande ule mwingine huwa na baridi kidogo, na sipendi kumsukuma.